Mwalimu wa Kereng'ende

Siku tuliyomzika Mwalimu, wasifu wake ulisomwa kwa lugha tatu, na hakuna hata moja iliyomtaja kereng'ende. Walitaja shule alizofundisha, watoto aliowaacha, vyeo vyake kanisani, na jinsi alivyopenda amani. Mimi nilikaa mstari wa mbele, kwa sababu viti vilikuwa vyangu na hema lilikuwa langu, nikawa nasubiri. Kereng'ende hakuja. Nikajisemea moyoni, hawa wamezika mtu mwingine. Basi naandika mimi.

Wanaonijua watashangaa. Shule niliiacha darasa la sita na sijawahi kuona hasara yake. Ukisimama juu ya ukingo wa Manga ukatazama bondeni, nyumba nyekundu unazoziona zilipita mikononi mwangu zikiwa bado udongo: maduka, madarasa, hata ile kliniki. Nilianza na kibao cha kufyatulia matofali nilichoazima kwa mjomba. Leo nina malori, na nyumba yangu ya ghorofa wageni huuliza kama ni hoteli. Binti yangu amenisahihishia herufi, lakini maneno ni yangu. Kuhusu kuzaliwa kwa Mwalimu na ukoo wake, nendeni mkaulize waliosoma wasifu.

Alikuwa mtu mrefu mwembamba, mwenye koti la kijivu ambalo mfuko wake wa kulia ulikuwa mweupe kwa chaki hata miaka mingi baada ya kustaafu. Na alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Sisi wengine tulipima kwa futi au kwa hatua; yeye alipima kwa kereng'ende. Ukimwonyesha meza mpya, ananyoosha mkono juu yake, anasema, "Hii ni kereng'ende wawili na kichwa." Mlango wa nyumba yake ulikuwa kereng'ende watatu kwenda juu. Fundi aliyeutengeneza aliniambia alitoka pale kichwa kinamuuma.

Kipimo hicho nilikuwepo kilipozaliwa, angalau kwa darasa letu. Mvua ilikuwa imekatika, kereng'ende akaingia dirishani, mmoja wa wale tuliokuwa tukiwaita helikopta. Darasa zima likaruka. Mwalimu hakupiga mtu. Alingoja mdudu atue juu ya ubao, akavua koti, akakunja mkono wa shati.

"Huyu mnamwona mdogo," akasema. "Zamani sana, kabla ya ndege wa kwanza kupiga bawa, alikuwako ndugu yake wa kale. Mabawa yake yakitandazwa, kutoka ncha hii mpaka ncha ile, yalikuwa hivi." Akaweka kidole begani, akakivuta polepole mkono wote mpaka kwenye kidole cha kati. "Na hakutoka kwenye hadithi. Wamemkuta ndani ya mawe, amelala kama jani ndani ya kitabu."

Halafu mkono ukainuliwa nyuma. "Mwalimu, analiwa?"

Aliyeuliza ni mimi. Watu wa kwetu tunakula kumbikumbi. Swali lilikuwa la haki. Darasa likacheka, lakini Mwalimu alinitazama kana kwamba nimejibu mtihani.

"Hilo swali zuri," akasema. "Lakini tangulia kuuliza lingine. Kwa nini yule alikuwa mkubwa na huyu ni mdogo? Alikula nini? Alikuwa na bidii kuliko huyu?"

Tukasema ndiyo, alikuwa na bidii. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kila kitu ni bidii.

"Hapana," akasema. "Ni hewa."

Maelezo yake nayakumbuka kuliko mistari ya Biblia niliyokaririshwa. Wewe, alisema, hewa inaingia puani, inashuka mapafuni, damu inaibeba na kuipeleka kila mahali kama boda anayepeleka mizigo. Mdudu hana mapafu, na damu yake haibebi hewa. Ubavuni ana matundu madogo, na kutoka kwenye matundu hayo kuna mirija myembamba inayoingia mpaka ndani ya nyama. Hewa inapita humo. Sasa mdudu akizidi kunenepa, njia inakuwa ndefu, na hewa inachoka kabla ya kufika. Ndiyo maana huoni nzi mwenye ukubwa wa kuku. Lakini wakati ule dunia ilijaa misitu ya kinamasi. Miti ilianguka ikazikwa kwenye tope kabla ya kuoza, ikaja kuwa makaa ya mawe, na oksijeni iliyotoka kwenye majani yake ikabaki hewani bila wa kuimaliza. Leo ukigawanya hewa mafungu matano, fungu moja tu ndilo oksijeni. Wakati ule, wanasema, ilikaribia fungu moja kwa kila matatu. Hewa nzito namna hiyo ilifika mpaka ndani kabisa ya mdudu mnene.

Halafu akasema neno ambalo alilirudia maisha yake yote, harusini, kwenye mikutano ya wazazi, hata siku mbunge mmoja alipokuja na msafara wa magari: "Kabla hujamsifu mkubwa, uliza alikuwa anapumua nini."

Mimi neno hilo sikulipenda. Sikulipenda nikiwa mtoto, na nilipoanza kushika pesa nililichukia. Nilijitengeneza mwenyewe, tofali juu ya tofali. Nani alinipa hewa?

Mwalimu alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likielekea kuzama, hata kama alikuwa katikati ya sentensi, alifunga kitabu. Alikuwa mzee wa kanisa, na wazee wenzake kereng'ende aliwakaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku moja walimwita kikaoni. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimeleta matofali ya ukuta, na mimi sitolewi nje mahali ambapo matofali yangu yameingia.

Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, huyo mdudu wako aliingia kwenye safina?"

"Kama aliingia," Mwalimu akajibu, "basi Nuhu alilala mbali naye."

Watu wakacheka, lakini yule mzee hakucheka. "Unawaambia watoto mamilioni ya miaka. Sisi tunawafundisha siku sita."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Shuleni nasoma kilichoandikwa kwenye mawe. Hapa nasoma kilichoandikwa kwenye Neno. Aliyeandika yote mawili ni mmoja, na siku nikimwona nitamwomba anipatanishie. Kwa sasa, siku ya Sabato sihesabu miaka. Nahesabu hewa tu. Hewa mna ugomvi nayo?"

Hakuna aliyekuwa na ugomvi na hewa. Walimwacha na cheo chake. Lakini nilipotoka naye nje aliniambia polepole kwamba jambo hilo lilimwumiza kweli, na kwamba usiku mwingine alimwomba Mungu amtoe kereng'ende kichwani. "Hakumtoa," akasema. "Nikaona basi pengine ni wake."

Msidhani alikuwa shujaa wa wadudu. Alikuwa mwoga ajabu. Siafu wakikatiza njia aliruka kama mtoto, akizunguka mbali kupitia shamba la chai la jirani. Nyigu mmoja darasani alitosha kumtoa mlangoni, somo likaendelea yeye akiwa dirishani upande wa nje. Mke wake, ambaye sote tulimwita Omong'ina kwa heshima ya umri wake, alizoea kusema, "Huyu mume wangu anampenda mdudu kwa sababu amekufa. Angekuwa hai, tungehamia Kisumu." Mwalimu alisikia na hakukana.

Ukali wake pia ulikuwa na mkunjo. Mtoto aliyechelewa alifyeka nyasi. Lakini yeye mwenyewe, mhubiri akifika kichwa cha pili cha mahubiri, alikuwa amelala, mdomo wazi. Aliwahimiza watu kufungua madirisha, ati hewa, hewa, ilhali jiko la nyumba yake lilikuwa chumba cheusi chenye tundu moja, na humo ndimo alipopenda kuketi jioni na kikombe cha uji wa wimbi, akisoma kwa mwanga wa moto. Mtu ni hivyo. Anajua, na bado anaketi.

Sasa nifike kwenye tanuri, kwa sababu bila tanuri hamtamwelewa.

Nilikuwa nimeanza kusikika. Shule moja ikaniagiza matofali ya bweni, mengi kuliko niliyowahi kuchoma. Fundi mwenye akili angepanga matanuri kadhaa madogo, moja baada ya lingine. Mimi nikasema, kwa nini? Nitapanga moja, liwe kubwa kiasi kwamba mtu wa Nyamache akipita juu ya ukingo atauliza ni la nani. Tukalipanga likawa kama nyumba. Upana nikauongeza mara mbili, lakini midomo ya chini ya kuingiza kuni, na matundu ya juu ya kutolea moshi, nikayaacha pembeni kama ya tanuri la kawaida, maana katikati niliona ni kupoteza nafasi ya matofali.

Mwalimu akateremka kutoka kwake. Nyumba yake ilikuwa mlimani, juu kidogo ya kiwanja changu. Akalizunguka tanuri mikono nyuma, tukiwa tumeanza kulipaka tope kwa nje.

"Momura," akaniita, jinsi wazee wetu wanavyomwita kijana, "huku katikati linapumulia wapi?"

"Mwalimu, hili si kereng'ende."

Vibarua wangu walicheka mpaka mmoja akaangusha beseni la tope. Yeye akatabasamu, akapanda zake mlimani.

Tulichoma. Mikaratusi iliyoungua pale ingejenga daraja. Tulipobomoa, ngozi ya nje ilikuwa nyekundu safi, matofali yanalia kama kengele ukiyagonga. Tukaingia ndani kidogo, yakawa ya rangi ya chungwa. Tukaingia zaidi, yakawa kijivu. Katikati ulikuwa udongo mbichi kama tulivyoupanga, ungeweza kuandika juu yake kwa kucha. Moto ulikula kuni za pembeni, hewa ikachokea njiani.

Nilimwona Mwalimu anateremka, nikajiandaa kwa matusi. Hakusema alinionya. Aliinama, akachukua tofali bichi moja na lingine lililoiva, akayashika kama mtu anayebeba mayai.

"Niazime haya," akasema. "Miaka hii yote nimekosa mfano."

Tangu siku hiyo, kila mwaka alileta darasa lake kwenye tanuri langu. Watoto walisimama pale, yeye akionyesha midomo na matundu, na mimi nikisimama kando kama mwenye mali. Nilishajifunza: tanuri la kwangu sasa lina njia za hewa mpaka moyoni, na hakuna mchomaji kati ya Birongo na Manga anayepata tofali linaloiva sawasawa kama langu. Kuna madaktari leo waliojifunza upumuaji wa mdudu kwenye kiwanja changu. Hilo nalo halikusomwa kwenye wasifu.

Na lipo jambo la nyuma zaidi. Nilipokuwa mchanga kabisa kwenye kazi, majirani walinipeleka kwa chifu. Walisema moshi unachafua nguo kwenye kamba, mashimo ya udongo yatazamisha ng'ombe. Walitaka nifungiwe, na kusema kweli walikuwa wengi, na mimi sikuwa na kitu. Mwalimu akasimama. "Kijana huyu bado mdogo," akasema. "Mkimla leo hamtajua angekua kiasi gani. Azungushie mashimo ua, apande miti badala ya anayoikata, mwacheni." Niliweka ua. Miti nilipanda. Wakati huo niliona ametoa hotuba nzuri, basi. Nikarudi kazini.

Miaka ikapita na kifua cha Mwalimu kikaanza kumkataa. Kwanza alipumzika mara moja akipanda mlima, baadaye kila kona. Hospitali ya mjini Kisii wakamwambia mapafu yamechoka na hayatarudi. Wakampa mashine ya oksijeni ya kutumia nyumbani, ile inayonyonya hewa ya chumbani, inachuja, inampa mtu oksijeni nyingi kwa mrija wa puani. Na wakamwonya: moshi ni sumu. Omong'ina alibomoa lile jiko jeusi siku iyo hiyo, akaanza kupikia gesi. Lakini upepo wa asubuhi kwetu hupanda kutoka bondeni, na bondeni kulikuwa na nani? Mimi.

Yeye mwenyewe hakuniambia neno. Aliyekuja ni Omong'ina, na kwetu mtu mwenye lalamiko haji mikono mitupu. Alileta kikapu cha ndizi mbivu.

"Momura, nimekuletea ndizi. Zinuse kwanza."

Nikanusa. Zilinuka moshi, kama zile tunazozifukia shimoni kuzivundika.

"Hizo sikuzifukia," akasema. "Niliziweka tu dirishani kwa mzee."

"Omong'ina," nikasema, "moshi huo ndio uliojenga Manga."

"Najua. Manga imejengeka. Sasa niachie mume wangu."

Akanywa chai, akashukuru, akaenda zake na kikapu.

Mimi ni mtu wa kutatua. Nilikwenda nikamwambia Mwalimu nitamjengea nyumba upande wa pili wa ukingo, kubwa, yenye veranda pande zote. Akakataa. "Mzee hahamishwi kama ng'ombe," akasema. "Na nyumba kubwa ya nini? Sina pumzi ya kuifikia jikoni." Alitaka kufia pale alipoishi, lakini hakutaka kufa upesi, na hilo ndilo lililokuwa mezani, hakuna lingine. Upande mmoja pumzi yake. Upande wa pili udongo ule wa bondeni, laini, usiopasuka ukikauka, ulionitoa kwenye kibao cha kuazima. Birongo nilikuwa na shamba, lakini udongo wake una mchanga. Tofali lake ni zuri, si zuri kama la Manga. Nilijua nikihama, hakuna mtu tena atakayesema la kwangu halina mwenzake.

Nilihama. Tanuri la mwisho lilipopoa tulipakia vibao, matoroli, jenereta na mabati ya kivuli, vikaenda Birongo kwa lori langu mwenyewe. Asubuhi iliyofuata nilipanda mlimani kumwambia.

Alikuwa ameketi kando ya dirisha, mashine ikinguruma miguuni pake. Mikono ilikuwa imekonda hata kipimo chake kingemdanganya.

"Leo sinusi kitu," akasema kabla sijaketi. "Umeishiwa kuni?"

"Nimehamia Birongo."

Akanigeukia. "Na vijana wako?"

"Nimewahamisha wote. Wanalala kwenye nyumba niliyowajengea, ina stima."

"Udongo wa kule una mchanga."

"Ntauchuja."

Akacheka, cheko likageuka kikohozi, Omong'ina akaja akamrudishia mrija uliotoka. Alipotulia akasema, "Momura, kuna jambo linanisumbua. Mjukuu wangu amenisomea kwenye simu. Wanabishana bado. Wengine wanasema hewa peke yake haitoshi. Wanasema wale wadudu walikua hivyo kwa sababu hewani hapakuwa na ndege. Hapakuwa na wa kuwala. Ndege walipokuja, mkubwa akaonekana upesi, akaliwa, mdogo akapona."

"Kwa hiyo ulitufundisha uongo?"

"Niliwafundisha nusu." Akavuta pumzi, akaisubiri ifike. "Labda ni yote mawili. Apate hewa, na asiliwe akiwa mdogo."

Kimawazo nilikuwa nimerudi kwa chifu, nimesimama na nguo zenye tope, watu wengi upande mmoja na mtu mmoja mwenye koti la kijivu upande wangu. Maisha yangu yote nimesema nilijitengeneza. Pale dirishani neno hilo lilikuja mdomoni kama kawaida, nikaona halina mahali pa kukaa.

Ndipo stima ikapotea. Mashine ikalia kwa sauti nyembamba, ikanyamaza. Mtungi wa akiba wa oksijeni ulikuwa umeisha, ulikuwa umepelekwa mjini kujazwa. Nikampigia msimamizi wangu.

"Lete jenereta Manga, sasa hivi!"

"Bosi, lori halijapakuliwa, iko chini kabisa, juu yake tumepakia mabati."

"Pakueni! Tupeni chini!"

Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa kiti, mabega yakipanda na kushuka. Omong'ina alianza kuomba kwa Ekegusii, lugha yetu, akifungua madirisha kwa mkono mwingine. Mimi nimebeba matofali mabichi tangu ujana. Nilimwinua Mwalimu pamoja na blanketi lake, na sijawahi kubeba kitu kikubwa chenye uzito mdogo kama ule. Nikamtoa nje mpaka ukingoni, mahali ambapo mlima unakatika na bonde lote liko wazi. Nikaketi kwenye nyasi, nikamweka wima kifuani pangu ili mapafu yapate nafasi.

Chini yetu palikuwa na kiwanja changu, cheusi, kitupu. Upepo wa asubuhi ulipanda kutoka pale, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu haukuwa na harufu yangu. Ulinuka chai na umande.

Alipumua. Nilihesabu kimya kimya, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Polepole mabega yakashuka.

"Mwalimu," nikamnong'oneza, "hewa hii inatosha?"

Hakugeuza kichwa. Aliunyoosha mkono wake mmoja juu ya bonde, kutoka begani mpaka kidole cha kati, kama mtu anayepima meza mpya, kisha akaukunja, akaushika kifuani.

"Kwa mtu wa ukubwa wangu," akasema, "inatosha."